Dawa za Kuulinda Ubongo Baada ya Damu Kuvuja Kichwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majaribio Yake

Maswali haya ni yale ambayo jamaa wa wagonjwa wa Unguja na Pemba huyarudia kila wanaposikia kwamba kuna dawa ya ubongo "inayojaribiwa". Ukurasa huu hautangazi jaribio lolote wala hauandikishi mtu. Unaeleza tu majaribio ya namna hii yanavyokwenda, ili atakayeulizwa siku moja, iwe hapa Visiwani, Bara au ng'ambo alikopelekwa mgonjwa wake, asijibu kwa hofu wala kwa pupa.

## Ugonjwa wenyewe

1. Damu kuvuja kichwani ndiyo kiharusi?

Ni aina mojawapo ya kiharusi. Kiharusi kilicho kingi duniani hutokana na mshipa wa ubongo kuziba. Kingine hutokana na mshipa kupasuka. Katika kupasuka kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni damu kumwagika ndani ya nyama ya ubongo wenyewe, na mara nyingi chanzo chake ni presha iliyokaa juu miaka mingi bila ya kutibiwa. Ya pili ni damu kumwagika nje ya ubongo, katikati ya tando zinazoufunika, pahala panapopita maji ya ubongo na uti wa mgongo. Hii ya pili kwa kawaida hutokana na sehemu dhaifu ya mshipa iliyotuna kama puto, ambayo madaktari huiita anurizimu. Ni takriban kiharusi 5 tu katika kila 100, lakini humkuta mtu akiwa bado na nguvu zake, na wengi hawafikishi miaka 60.

Kutofautisha aina hizi si upekuzi wa kitaalamu usio na faida. Dawa inayofaa kwa aina moja huweza isifae kitu kwa nyingine, na kuna dawa ya mshipa ulioziba ambayo huweza kumuua aliyepasukiwa. Macho hayawezi kuamua. Kinachoamua ni kipimo cha CT cha kichwa, yaani picha ya ndani ya kichwa. Kuvuja kwa damu kulikosababishwa na ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka mkarafuuni ni habari nyingine, na huwa na majaribio yake.

2. Dalili zake ni zipi, na tufanye nini kabla ya kufika hospitali?

Damu inapomwagika katikati ya tando, mgonjwa hupatwa na maumivu ya kichwa ya ghafla yanayofikia kilele chake ndani ya dakika moja au karibu na hapo, na wengi husema hawajapata kuumwa hivyo maishani mwao. Huenda akatapika, shingo ikakakamaa, mwanga ukamuudhi, au akazirai papo hapo. Damu inapomwagika ndani ya ubongo, huonekana zaidi mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea na maneno kupotea.

Mlazeni ubavu, msimpe chakula wala maji kwa kuwa anaweza kupaliwa, na kumbukeni saa dalili zilipoanza, kwani daktari ataiuliza kabla ya mambo mengi. Msimpe asipirini: dawa hiyo humsaidia mwenye mshipa ulioziba, lakini kwa aliyepasukiwa huifanya damu ichelewe kuganda. Wako wanaoanza kwa kumwita mwalimu amsomee mgonjwa kwa kudhani amepigwa na upepo mbaya. Dua haizuiwi na mtu, na husomeka vilevile ndani ya gari likiwa njiani.

3. Kama damu imekwisha kuvuja, kimebaki nini cha kulinda?

Kimebaki kingi, na majaribio yote tunayoyazungumza yamejengwa juu ya jibu la swali hili. Ubongo hupata mapigo mawili. La kwanza ni la kupasuka kwenyewe, na hakuna dawa inayolirudisha nyuma. La pili huja baadaye, saa chache au siku kadhaa, na hilo ndilo linalowindwa.

Kwa aliyepasukiwa anurizimu, kipindi cha hatari ni baina ya siku ya 3 na ya 14. Takriban wagonjwa 3 katika kila 10 hudhoofika tena katika siku hizo kwa sababu baadhi ya sehemu za ubongo hukosa damu ya kutosha. Mtu aliyekuwa akizungumza na wanawe siku ya nne huanza kuchanganya majina yao siku ya saba. Familia nyingi hulipokea tukio hili kama kosa la hospitali au husda ya mtu, ilhali ni mwendo wa ugonjwa unaojulikana, na ndiyo maana mgonjwa hazuiliwi wodini kwa kumwonea akiwa "ameshapona".

Kwa damu iliyomwagika ndani ya ubongo, pigo la pili lina sura nyingine: bonge la damu hukua katika saa za mwanzo, kisha ubongo unaolizunguka huvimba.

4. Inakuwaje damu ya mtu mwenyewe imdhuru?

Damu ina pahala pake. Ikiwa ndani ya mshipa hulisha ubongo. Ikimwagika nje, chembe zake nyekundu huanza kupasuka kidogo kidogo kwa siku kadhaa na kutoa himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa ya oksijeni. Himoglobini isiyo na makazi huifyonza gesi ya naitriki oksaidi ambayo mishipa huihitaji ili ibaki wazi, na ikivunjika huacha madini ya chuma yanayounguza seli zilizo jirani, mithili ya msumari unaoacha kutu juu ya kitambaa cheupe. Mwili una protini yake ya kuikamata himoglobini iliyozagaa, jina lake haptoglobini, lakini katika maji ya ubongo protini hiyo ni chache na huzidiwa haraka.

Kutokana na maelezo haya utaona kwa nini watafiti wana milango mingi ya kubisha: kuifunga himoglobini, kuliondoa chuma, kuizuia mishipa isijikaze, kupunguza uvimbe, au kuziongezea seli kinga yao ya asili. Kila mlango umezaa dawa, na dawa nyingi kati ya hizo zimeishia mlangoni (tazama swali la 6).

## Dawa zilizokwisha kujaribiwa

5. Ipo dawa iliyothibitishwa?

Kwa aliyepasukiwa anurizimu, ipo moja: nimodipini. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 1989, wagonjwa 554 waligawanywa, baadhi wakapewa nimodipini miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21, na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata sehemu za ubongo kufa kwa kukosa damu walikuwa 22 katika kila 100 kwenye kundi la dawa, dhidi ya 33 kwenye kundi la pili. Waliofariki au kubaki na ulemavu mkubwa walikuwa 20 katika kila 100, dhidi ya 33. Tofauti kama hiyo ni adimu katika tiba ya ubongo, na tangu wakati huo dawa hii imekuwa sehemu ya tiba ya kawaida.

Mambo manne yaongezwe. Nimodipini haikuthibitishwa kwa damu iliyomwagika ndani ya nyama ya ubongo. Huweza kuishusha presha, na hilo likitokea daktari huigawa dozi ndogo ndogo. Isitoshe, maji yaliyomo ndani ya kidonge hayadungwi mshipani kamwe, kwani wapo watu waliokufa kwa kosa hilo. La nne hupuuzwa kwa kuwa linaonekana dogo: mgonjwa asiletewe balungi wala juisi yake, kwa sababu tunda hilo huuzuia mwili usiivunje dawa, dawa ikarundikana kwenye damu na presha ikaporomoka. Kapu la matunda wodini ni heshima yetu, lakini liwe la machungwa au ndizi.

6. Na nyinginezo zimefikia wapi?

Nyingi zimeshindwa. Magnesi, iliyotarajiwa kuilegeza mishipa, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,204 na matokeo yakatolewa mwaka 2012: haikuleta nafuu. Simvastatini, dawa ya lehemu inayopatikana kwa urahisi, ilijaribiwa kwa wagonjwa 803, na mwaka 2014 ikaonekana haikusaidia. Deferoksamini, ambayo kazi yake ni kulikamata chuma, ilijaribiwa kwa damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Dozi ya awali ilibidi isimamishwe kwa sababu ya matatizo ya mapafu, na dozi ndogo zaidi, matokeo yake yakitolewa mwaka 2019, ilikuwa salama lakini haikufikia kiwango cha kutosha kuendelea nayo kama ilivyokusudiwa.

Zote hizo zilikuwa na nadharia nzuri, na nyingi zilifanya kazi kwa wanyama. Anayekwambia kwamba dawa "imeponya panya, basi inaponya" hajaisoma historia hii.

Jambo lililoleta nafuu katika miaka ya karibuni kwa damu ya ndani ya ubongo halikuwa dawa mpya hata kidogo. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 7,036 katika nchi 10, tisa kati ya hizo zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Hospitali zilitakiwa kufanya kwa pamoja na kwa haraka mambo yanayojulikana: kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 140 ndani ya saa moja, kudhibiti sukari, kuzuia homa, na kuondoa athari za dawa zinazozuia damu kuganda kwa waliokuwa wakizitumia. Wagonjwa waliotibiwa hivyo walipona vizuri zaidi. Kwa maoni yangu, habari hiyo ingestahili kubandikwa ukutani katika kila wodi yetu ya dharura kabla hatujaulizia dawa ya ajabu kutoka ng'ambo.

7. Picha zikionyesha kwamba mishipa imefunguka, si ushahidi tosha?

Hapana, na mfano wake ni klazosentani. Dawa hii huizuia mishipa isijikaze. Katika jaribio la awali la wagonjwa 413, kukaza kwa mishipa kulikoonekana kwenye picha kulishuka kutoka 66 katika kila 100 kwa wasiopewa dawa hadi 23 kwa waliopewa dozi ya juu. Watu walisubiri kwa shauku. Jaribio lililofuata, la wagonjwa 1,157, lilipouliza swali linalomhusu mgonjwa, yaani je, amerudi kujitegemea, jibu likawa hakuna tofauti, na waliopewa dawa walipata zaidi matatizo ya mapafu, upungufu wa damu na presha kushuka. Japani iliiidhinisha mwaka 2022 kwa kutegemea majaribio ya huko. Kwingineko mjadala haujesha.

Nimodipini nayo imekwenda kinyume chake: inawasaidia watu, ingawa kwenye picha haionekani kuifungua mishipa kwa kiasi kinachoeleza msaada huo.

8. Habasoda, kombe na dawa za miti shamba zinaruhusiwa wakati wa jaribio?

Mwambieni mtafiti kila anachotumia mgonjwa, bila ya kuona haya. Dawa za mitishamba huingia mwilini na kuvunjwa na ini lilelile linalozivunja dawa za hospitali, kwa hiyo huweza kuiongeza au kuipunguza dawa inayojaribiwa, kama lilivyo balungi katika swali la 5. Kitu chochote cha kunywewa kina tatizo jingine kwa mgonjwa asiyejitambua vyema, nalo ni kupaliwa. Kombe nalo ni la kunywewa. Kisomo hakina mgongano na dawa yoyote.

## Jaribio linavyoendeshwa

9. "Kujaribiwa" si kumfanya mgonjwa panya wa maabara?

Neno "kujaribu" linatia hofu kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida lina maana ya kubahatisha. Katika tiba lina ngazi. Dawa hupitia kwanza maabara na wanyama. Kisha hupewa watu wachache, aghalabu wazima waliojitolea, ili ijulikane dozi salama. Ngazi ya pili ni wagonjwa makumi au mamia kadhaa, kutazama usalama na dalili za faida. Ya tatu ni mamia hadi maelfu, na hapo ndipo swali la kama inasaidia hujibiwa. Muulizeni daktari jaribio lenu liko ngazi gani. Jibu lake litawaeleza mengi kuliko jina la dawa.

Ila ukweli usifichwe: jaribio hufanywa kwa sababu jibu halijulikani. Kama daktari anawaahidi kwamba dawa ya majaribio itamponya mzee wenu, ama hakulielewa jaribio lake au hakusema kweli.

10. Kwa nini wengine wapewe dawa ya uongo? Si dhuluma hiyo?

Dawa hiyo huitwa plasebo: inafanana na dawa yenyewe kwa sura, lakini haina kitu ndani. Hakuna mgonjwa anayenyimwa tiba iliyothibitishwa. Aliyepasukiwa anurizimu, akiwa katika kundi lolote, anastahili nimodipini, uangalizi na upasuaji wake kama kawaida; kinachotofautisha makundi ni kile kilichoongezwa juu yake.

Dhana iliyojificha ndani ya swali hili ni kwamba waliopewa dawa ya kweli ndio waliobahatika. Pemba ina sababu ya kulijua jibu kuliko pahala pengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wa kisiwa hicho wenye umri wa baina ya mwezi 1 na miezi 35 waliingizwa katika jaribio la kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki, baadhi pamoja na zinki, wengine plasebo. Ulinganisho ulihusu watoto 24,076. Nani angedhani kwamba chuma, kinachotolewa kuongeza damu, kingeleta hasara? Lakini watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa hospitali au kufariki kuliko waliopewa plasebo, katika mazingira ya malaria nyingi kama yalivyokuwa wakati huo. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mwaka 2003 kabla ya muda wake, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake, likasema kwamba katika maeneo ya malaria chuma wasipewe watoto wote kiholela, bali wale waliopungukiwa. Ndani ya jaribio lenyewe ilionekana kwamba waliopungukiwa kweli walinufaika.

Lau lisingekuwapo kundi la plasebo, kila mtoto aliyekufa angehesabiwa kuwa amekufa kwa malaria, na chuma kingeendelea kugawiwa nyumba kwa nyumba. Waliobahatika katika jaribio lile walikuwa wale wa plasebo, na hakuna aliyelijua hilo siku ya kwanza, hata wenye jaribio.

11. Kwa nini daktari asimchagulie mgonjwa wetu kundi?

Kwa sababu moyo wa mtu una mwelekeo. Daktari mwenye huruma angewapa dawa waliozidiwa, au kinyume chake angewapa wenye matumaini, na mwishoni makundi mawili yasingelingana tangu mwanzo. Kwa hiyo kompyuta hupiga kura, na mara nyingi mgonjwa, familia na hata daktari hawajui aliyepata nini mpaka jaribio limalizike. Ikitokea dharura ambayo tiba yake inategemea kujua, siri ya mgonjwa huyo mmoja hufunguliwa saa yoyote. Kura ya namna hii ilitumika katika jaribio mashuhuri la dawa ya kifua kikuu, streptomisini, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948.

12. Nani anawachunga watafiti?

Kwa Zanzibar, utafiti wa afya unapaswa kupata kibali cha kamati ya maadili, ijulikanayo kwa kifupi ZAHREC, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na masuala ya dawa yenyewe yamo mikononi mwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Kibali cha chuo kikuu cha ng'ambo hakichukui nafasi ya kibali cha hapa. Juu ya hayo, jaribio kubwa huwa na kamati huru ya wataalamu inayofunguliwa takwimu wakati kazi ikiendelea, nayo ina uwezo wa kushauri isimame. Kusimamishwa kulikotajwa katika swali la 10 kulitokana na uangalizi wa aina hiyo.

Familia ina haki ya kuomba namba ya kibali na nambari ya simu ya kamati ya maadili. Zote huandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Zisipokuwapo, msitie saini.

13. Wanajuaje kwamba dawa imesaidia?

Hali ya mwanzo hupimwa kwa kipimo cha kujitambua kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974: macho alama 4, maneno 5, viungo 6, jumla 15 kwa aliye mzima na 3 kwa asiyeitikia chochote. Hali ya mwisho, kwa kawaida baada ya miezi 3 au 6, hupimwa kwa ngazi ya Rankin, ambayo asili yake ni ya mji huohuo, mwaka 1957. Sifuri ni asiye na dalili yoyote. 3 ni anayehitaji msaada kidogo lakini anatembea mwenyewe. 5 ni wa kitandani. 6 ni aliyefariki.

Kwa kuwa ngazi hiyo ni ya maswali, majibu yenu ndiyo takwimu. Mtu atawapigia simu miezi mingi baada ya mgonjwa kurudi nyumbani na kuuliza kama anaoga mwenyewe, anakwenda dukani, anarejea kazini. Bibi aliyekatazwa na watoto wake asiingie jikoni kwa heshima ataonekana kama asiyeweza kupika, ilhali anaweza. Semeni anachoweza, kisha semeni anachofanya. Ni mambo mawili.

## Ridhaa na familia

14. Mgonjwa hajitambui. Nani anakubali kwa niaba yake?

Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linaelekeza kwamba asiyeweza kujiamulia aombewe ridhaa kwa mwakilishi wake anayetambuliwa kisheria, na mwenyewe aulizwe tena akipata fahamu. Katika nyumba zetu uamuzi hupitia wengi: mke au mume yupo kitandani pake, kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, baba mdogo yuko Wete na simu yake haishiki. Ni vyema kumtaja mmoja mapema atakayeweka saini, na wengine washauriane naye kwa simu.

Anayeombwa ridhaa asijiulize "mimi ninataka nini", bali "yeye angetaka nini". Karatasi isomwe kwa Kiswahili mpaka ieleweke. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtafiti. Kuomba muda wa kushauriana si utovu wa adabu, ingawa dawa nyingi za namna hii zina mlango unaofungwa baada ya saa kadhaa.

15. Tukikataa, au tukibadilisha mawazo katikati, mgonjwa atatelekezwa?

Hapana. Kukataa hakupunguzi tiba ya kawaida, na kujitoa hakuhitaji kutolewa sababu. Mkijitoa, mwambieni daktari badala ya kutoroka na mgonjwa usiku, kwa kuwa zipo dawa ambazo haziachwi ghafla.

16. Kuna malipo?

Dawa ya majaribio na vipimo vinavyohusu jaribio havilipiwi na mgonjwa. Nauli ya kurudi kupimwa aghalabu hurejeshwa. Malipo makubwa ya kushawishi hayaruhusiwi na maadili, na atakayewaambia mtoe chochote ili mgonjwa "apangiwe" dawa anawaibia, kwa kuwa kura haina mpangaji (swali la 11).

17. Damu na maji ya mgongo yanayochukuliwa yanapelekwa wapi?

Mwambao huu una kumbukumbu ndefu ya hadithi za mumiani, na mzee anayeuliza swali hili hapaswi kuchekwa. Karatasi ya maelezo lazima iseme ni kiasi gani kinachukuliwa, mara ngapi, kinahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, na kama kitasafirishwa nje. Si kila kipimo kinahitaji kuvuka bahari: Pemba yenyewe ina Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Ridhaa ya kutumia dawa inaweza kutenganishwa na ridhaa ya kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye, na mnaweza kuikubali ya kwanza mkaikataa ya pili.

## Hali za pekee

18. Itakuwaje mgonjwa akiwa ndani ya Ramadhani, au ganda la dawa likiwa na jelatini?

Dawa inayotolewa kila saa 4 usiku na mchana haiendi na saumu, na mgonjwa wa hali hii ana ruhusa iliyo wazi ya kula na kulipa baadaye. Wenye shaka wamuulize mwanachuoni wanayemwamini, lakini wasiahirishe dozi wakati wakisubiri jibu. Kuhusu jelatini, ulizeni inatokana na mnyama gani. Mtafiti anaweza kupata jibu kwa mtengenezaji, na kwa baadhi ya dawa kuna namna ya maji.

19. Tuko Pemba. Tunaweza kushiriki?

Inategemea jaribio linahitaji nini. Mengi yanahitaji kipimo cha CT na dawa kuanza ndani ya muda uliowekwa. Jaribio la nimodipini lililotajwa katika swali la 5 liliruhusu kuanza ndani ya saa 96, mengine huruhusu saa chache mno. Mgonjwa anayetoka Micheweni, akafikishwa Chake Chake au Abdulla Mzee Mkoani, kisha akasubiri boti au ndege kwenda Mnazi Mmoja, anaweza kuukosa muda huo bila ya kosa la mtu. Kukosa jaribio si kukosa tiba. Akiwa tayari yumo na inabidi ahamishwe, karatasi ya dozi na chupa za dawa zisafiri naye mkononi, si ndani ya mzigo.

20. Mjamzito, mtoto, au mwenye selimundu?

Wajawazito na watoto huachwa nje ya majaribio mengi kwa tahadhari. Selimundu huongeza hatari ya matatizo ya mishipa ya ubongo, hivyo itajwe mapema. Ni uamuzi wa kila jaribio kama itakubaliwa.

21. Alikuwa kwenye plasebo, na mwishoni dawa ikaonekana inafaa. Anadai nini?

Azimio la Helsinki linataka mpango wa baada ya jaribio uelezwe kabla ya kuanza. Kwa bahati mbaya, dawa ya kulinda ubongo hufanya kazi katika siku za mwanzo, kwa hiyo kumpa baada ya mwaka hakumrudishii kilichopotea. Dai lenye maana zaidi ni la kisiwa: je, dawa ikifaulu itapatikana kwenye famasi za hospitali zetu, na kwa bei gani? Swali hilo liulizwe kwenye kikao cha shehia siku watafiti wanapokuja kujitambulisha.

22. Akifariki wakati wa jaribio, mazishi yatacheleweshwa?

Ridhaa ya dawa haibebi ndani yake ridhaa ya kuupasua mwili; ikihitajika, huombwa kivyake, na mnaweza kukataa. Watafiti watataka tarehe, saa na maelezo ya siku za mwisho, na hayo huchukuliwa kwenye faili au kwa mazungumzo baada ya siku za matanga. Mwili hukabidhiwa kwa utaratibu uleule wa hospitali kama kwa mgonjwa mwingine yeyote, ili aoshwe na kuzikwa.